Mtungi Wangu wa Harusi Ulipokaa Chini Mbele ya Wakwe

Mtungi wangu wa harusi ulikaa chini.

Hamjasoma vibaya. Sikusema ulivunjika, wala sikusema ulianguka. Ulikaa chini, taratibu, kama mama aliyechoka na soko, mbele ya wanawake wote wa ukoo wa mchumba wangu, na nyimbo zikiendelea.

Kilichobaki kimesimama mahali pake kilikuwa cha bluu.

Tulieni. Nitafika huko.

Naitwa Yasmine, mtoto wa Kalemie, kartye, yaani mtaa, ya Kataki. Nina diploma yangu ya ualimu, na nina mdomo. Diploma niliitafuta, mdomo nilizaliwa nao. Harusi ikikosa mtu wa kushika maikrofoni, naitwa mimi. Mwanaume akitaka ujumbe wa kumwomba mke wake msamaha, anakuja kwangu, na anasamehewa. Mtu akinichokoza sokoni, soko zima linapata burudani ya bure.

Mchumba wangu Zahoro alinipendea huo mdomo. Yeye anatengeneza moteri za mitumbwi pale bandarini. Siku ya kwanza kukutana alinimwagia oili chafu kwenye kitenge kipya. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo anayajua kwa mpangilio. Alicheka hadi akaegemea moteri iliyokuwa bado ya moto. Akaungua. Akaendelea kucheka.

Nikasema moyoni: huyu ndiye.

Tatizo lilikuwa bibi yake.

Bibi Adija. Ukoo wao ni wa zile familia za Kiislamu za ziwani, ambazo mababu zao walikuwa wakivuka kwenda Kigoma na kurudi na bidhaa. Pale nyumbani yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akikohoa tu, wanaume wenye ndevu zao wanasimama.

Kwenye kona ya sebule yake kuna mtungi juu ya kigoda. Umefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kutoka mdomoni mpaka chini, kama bibi harusi. Ndio mtungi aliokuja nao siku aliyoolewa. Hakuna mwingine anayeugusa. Bibi mwenyewe anachota, Bibi mwenyewe anakunywesha wageni.

Zahoro aliniambia habari za mtungi ule kwa sauti ya mtu anayesimulia safari ya Maka.

"Yasmine, maji ya mtungi wa Bibi yana ladha ya zamani."

Siku ya kutambulishwa niliyanywa. Kweli yalikuwa na ladha. Kwa mbali, kama ya mafuta ya kukaangia.

Nilikuwa mgeni, ningesema nini? Nikasema, "Alhamdulillahi."

Sasa sikieni desturi ya nyumba ile.

Msichana anayeolewa kwao lazima aje na mtungi uliofinyangwa na wanawake wa upande wake, aliouchoma kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja kabla ya akidi ya ndoa, wanawake wa upande wa mume wanaujaza maji ya ziwa. Bibi anaswali adhuhuri, anaswali alasiri, halafu anakuja kutazama chini ya mtungi. Ukitoka jasho, hakuna neno, udongo lazima utoke jasho. Lakini ukivuja, ndoa hakuna.

Hivi hivi. Hakuna.

Binamu yake Zahoro alivunjiwa uchumba namna hiyo. Alikuwa bado hajaoa, na ukipita kwao ungemkuta anawashtakia mbuzi.

Bibi alinieleza mwenyewe, akinitazama mdomoni, si machoni.

"Mutungi ukivuja, na muke atavuja. Siri za nyumba zitafika mupaka Moba. Wewe, mutoto, nasikia hauwezi kunyamaza hata nusu ya siku."

"Nani amekuambia, Bibi?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Unaona? Tayari umeshindwa."

Wanawake wakacheka. Zahoro akatazama dari. Mimi nikaapa: nitauchoma mtungi wangu kimya, hadi Bibi Adija aje kuniuliza kama bado niko hai.

Kwetu mfinyanzi ni shangazi yangu, Mama Sifa. Udongo anauchimba kando ya mto Lukuga, anauchanganya na vigae vilivyosagwa, anaukanda kwa miguu huku akiusema kama mtu anayemsema mume wake. Alinifinyangia mtungi wenye tumbo zuri na shingo pana. Pembeni tukafinyanga vyetezo vya ubani vya kugawia wageni, vyungu na vifuniko. Tukavianika kivulini hadi vikakauka.

Kuchoma ndiko kwenye sharti.

Unapanga vyombo chini, unaviwekea kuni, magome na nyasi juu mpaka viwe kichuguu, kisha unawasha. Na anayeolewa akae hapo, aulinde moto, asitoe neno lolote tangu unapowaka mpaka vyombo vipoe.

"Ukisema neno," shangazi alinionya, "mutungi utalisikia, utapasuka. Mimi mwenyewe niliona mutungi uliopasuka kwa sababu ya 'habari gani' moja."

"Na maneno yakizidi moja?"

"Kwa nini yazidi?"

"Ninataka kujua tu."

"Yasmine, anza kunyamaza sasa hivi."

Aliwasha moto asubuhi, ukashika vizuri, ukaanza kunguruma. Halafu akafunga kitenge, akaenda kwa Bibi Adija kwenye kikao cha kupanga harusi. Mimi nikabaki kwenye kiti changu, midomo imebanwa, najisifu kimoyomoyo.

Sasa, jambo ambalo shangazi hakulifikiria ni hili: siku hiyo umeme ulikuwa umekatika kartye nzima, na makala, ule mkaa wa kupikia, yalikuwa yameadimika sokoni.

Na kwetu Kataki hakuna anayemnyima jirani kaa la moto. Ukimnyima leo, kesho mtoto wako akiumwa, hakuna mlango utakaofunguka. Unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza hata kumnyima salamu. Lakini si moto.

Wa kwanza kuja alikuwa Papa Willy, jirani wa nyuma, na mbabula yake, jiko la makala, mkononi.

"Hodi! Muke wa kesho wa Zahoro! Tuombe ka moto kadogo, chai imelala."

Nikatikisa kichwa. Kwa nguvu.

"Ah, umesema hakuna shida? Aksanti."

Nikainua viganja vyote viwili: acha!

"Kumi? Kumi yatanitosha kabisa."

Akachagua makaa kumi, yale mekundu yaliyokuwa yamekumbatia tumbo la mtungi wangu. Akaondoka anapiga mluzi.

Baadaye akaja Mama Lucie, anayekaanga mikate pale barabarani, na koleo. Koleo la mchanga, ndugu zangu! La kujengea nyumba.

Nikasimama, nikatandaza mikono mbele ya moto.

"Njoo, tukumbatiane, mwanangu!" akasema. Akanikumbatia. Akanibusu shavuni. Akachota koleo mbili. "Watu walisema una roho mbaya. Mimi nilikataa."

Nikachukua simu. Mtu mwenye maneno kama mimi hawezi kushindwa na ukimya, nikaandika kwa herufi kubwa: ACHENI MOTO WANGU, NACHOMA MTUNGI WA HARUSI. Nikamwonyesha aliyefuata, Gauthier, fundi cherehani, aliyekuja na pasi yake ya makala.

Gauthier akasogeza simu mbali, akaisogeza karibu.

"Miwani nimeiacha kiwandani. Nitumie, nitasoma nikifika."

Akafungua pasi, akaijaza.

Basi habari ikaenea kwamba kwa kina Yasmine kuna moto wa bure na mwenyewe anawakaribisha watu kwa mikono miwili. Wakaja na sufuria zilizotoboka, na bati, na kikaango. Mmoja alikuja kuwasha sigara, akaondoka na gogo zima. Foleni ikafika barabarani. Mzee mmoja nisiyemfahamu akajipa kazi ya kuipanga.

"Wenye watoto wadogo mbele! Musisukumane, bibi harusi yuko anatoa kwa roho safi!"

Nikaokota fimbo, nikaipeperusha. Wakapiga makofi, wakadhani nacheza.

Nikalia. Machozi kweli kweli, yanadondoka hadi kidevuni.

"Muangalieni," Mama Lucie akasema, amerudi awamu ya pili. "Machozi ya furaha. Ndoa imemubadilisha kabisa huyu mutoto."

Mngekuwa mimi, mngesema? Neno moja tu, "Tokeni!", na moto ungebaki. Lakini neno hilo hilo, kwa imani ya nyumba yetu, lingepasua mtungi. Na nilimwona Bibi Adija kichwani mwangu akisema, unaona? Tayari umeshindwa.

Nikanyamaza. Nimenyamaza mara moja tu katika maisha yangu, na ilikuwa siku ambayo haikufaa.

Shangazi aliporudi, alikuta jivu limekaa vizuri kama kitanda cha hoteli, na vyombo vyangu juu yake, uvuguvugu. Alisimama akaangalia foleni iliyobaki.

"Yasmine, kuni zote ziko wapi?"

Nikagusa mtungi, ulikuwa umepoa. Ndipo nikafungua mdomo. Yaliyotoka humo sitayaandika hapa, lakini foleni iliisha palepale, na yule mzee mpangaji aliruka ua wa mihogo.

Shangazi hakunisikiliza. Alipiga magoti, akagonga chungu kwa ukucha.

Chombo kilichoiva kinalia. Ukikigonga kinasema *ngoo*, sauti inatembea. Kile kikasema *pu*.

Akagonga chetezo. *Pu.* Kifuniko. *Pu.* Akasogea kwenye mtungi wangu taratibu, kama daktari anayejua jibu tayari. Akagonga tumboni.

*Pu.*

Mzigo mzima ulikuwa mbichi. Ulikuwa kama mito ya kulalia iliyopangwa foleni.

Akachukua kifuniko kimoja, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Tukakitazama. Kikatoa mapovu. Kikalegea pembeni. Kabla hajamaliza kusema "Mungu wangu", hakukuwa na kifuniko tena, kulikuwa na uji wa udongo.

"Turudishe motoni," akasema. "Hakuna dawa nyingine. Kitu kibichi kinarudishwa motoni."

Mvua ikajibu. Si manyunyu, bali mvua ya Kalemie, ile inayoshuka kutoka milimani kama imetumwa. Kuni zilizobaki zikaloa, nyasi zikaloa, mahali pa moto pakawa bwawa. Na asubuhi iliyofuata wanawake wa Bibi Adija wangekuja kuuchukua mtungi kwa ngoma.

Nyumba ikajaa washauri, karibu wote wakiwa wameshiba chakula kilichopikwa kwa moto wangu.

Mama Lucie alisema tuumiminie uji mzito wa muhogo ndani, uzibe matundu. Tukajaribu kwenye chungu kimoja. Chungu kikanywa uji wote, kikalainika, kikapasuka kama mtu aliyevimbiwa.

Gauthier alisema tuushonee gunia la plastiki ndani. Alikwishapima hadi shingo.

"Tuseme ukweli," nikasema mimi. "Twende kwa Bibi, tumwambie moto ulichukuliwa na majirani, atupe muda."

"Utamwambia Bibi Adija kwamba haukuweza kulinda moto?" akauliza shangazi. "Utalinda mume?"

Nikakosa jibu. Andikeni tarehe.

Ndipo akasimama Florent, kaka wa mama yangu, ambaye kazi yake ni kupaka rangi mitumbwi pale ufukweni.

"Rangi yangu inavuka ziwa mupaka Kigoma na kurudi," alisema. "Itashindwa na maji ya ndoo moja?"

Alileta kopo la rangi ya bluu. Ile ya mitumbwi, nene kama bugali. Akapaka mtungi ndani, tabaka juu ya tabaka, mkono umezama hadi begani, akiimba. Asubuhi ilikuwa imekauka. Shangazi akamwagia maji ya kikombe kimoja. Yakakaa.

"Njo hivyo!" Florent akapiga kifua. "Mutungi huu hata ungepewa moteri, ungeenda."

Wanawake wakaja na ngoma. Wakaubeba. Mimi nyuma yao, nimepambwa hina, natembea kama mtu anayesindikiza bomu.

Kwa Bibi Adija waliuweka sebuleni, karibu na ule mtungi wake wenye kitambaa cheupe, ili watu walinganishe. Wakamimina maji ya ziwa, ndoo baada ya ndoo, na vigelegele. Bibi akaenda kuswali adhuhuri.

Aliporudi, chini kulikuwa pakavu. Nikaanza kupumua.

Bibi akaenda kuswali alasiri.

Sasa, kumbe kule chini kabisa, kwenye kitako, ambako mkono wa Florent haukufika vizuri, palibaki upenyo wa ukucha. Maji yakauona.

Kwanza mtungi ulibadilika rangi, ukawa mweusi kuanzia chini, kama mtu anayeona haya. Halafu ukainama kidogo upande wa kushoto. Mama mmoja aliyekuwa anaimba akainama naye, bila kujua kwa nini.

Halafu ukakaa chini.

Udongo uliteremka wote, polepole, kama kanga inayofunguka kiunoni. Na ndani yake, ndugu zangu, ile rangi ya Florent ilibaki imesimama! Ngozi ya bluu tupu, yenye umbo la mtungi, imejaa maji, inatikisika.

Nyimbo zikakatika.

Bibi Adija alikuwa mlangoni, na tasbihi mkononi.

"Nini kile?" akauliza.

Ile ngozi ya bluu ikageuka kidogo, kama inamtafuta aliyeuliza. Ikapasuka.

Maji yakaenda kila upande. Vipande vya bluu vikanata kwenye vitenge, kwenye ukuta, kwenye paji la uso la wifi yangu mkubwa, dada yake Zahoro. Sebule ikawa ukingo wa Lukuga wakati wa mvua. Wifi mkubwa akateleza, akatafuta cha kushika, na kilichokuwa karibu kilikuwa kigoda cha mtungi wa Bibi.

Kigoda kikayumba.

Sikufikiri. Nilijitupa, nikaukumbatia mtungi wa Bibi kwa mikono miwili, magoti yangu kwenye matope. Kitambaa kikafunuka mdomoni, kifuniko chake kikaruka. Pete yangu ya uchumba ikaugonga tumboni.

*Pu.*

Nikaganda.

Nikasogeza kidole, nikaugonga tena, kidogo tu, chini ya kitambaa.

*Pu.*

Na pale yaliporukia maji, kitako chake kilikuwa kinalainika mkononi mwangu. Kama chapati.

Nikachungulia ndani ya shingo. Nikaona njano. Bidoni. Bidoni ya njano, dumu la mafuta ya kupikia, imekatwa juu, imekaa humo starehe na maji yake. Hiyo ndiyo ilikuwa ladha ya zamani.

Nikainua macho. Bibi Adija alikuwa ananitazama. Safari hii si mdomoni, bali machoni. Tasbihi imesimama.

Nyumba nzima ilikuwa nyuma yetu. Wanawake wanatoa rangi nywelani. Shangazi yangu ameziba uso. Zahoro amefika kutoka bandarini na mikono yake ya grisi, amesimama mlangoni, anatazama matope yaliyokuwa ndoa yake.

Na mimi nilikuwa nimeshika jibu mikononi. Maneno mawili. "Njooni muone." Ningevuta kitambaa kile, na hakuna mtu chini ya paa lile ambaye angethubutu kunikataa tena. Na mnajua ningelisema vizuri. Ningelisema kiasi kwamba hata mbuzi wa yule binamu wangelirudia.

"Yasmine," Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unataka kusema kitu?"

Kalemie yote ilinisubiri.

Nikaokota kifuniko, nikakifuta kwa kitenge changu, nikakirudisha mahali pake. Nikashusha kitambaa mpaka chini. Nikaendelea kuushikilia mtungi ule usianguke.

"Hapana, Bibi," nikasema.

Hivyo tu. Maneno mawili. Zahoro anasema ndipo alipoogopa kweli, alidhani nimepigwa kiharusi.

Bibi akaingia hatua mbili. Akatazama udongo sakafuni. Akatazama wifi mkubwa mwenye paji la bluu. Akakohoa, na wanaume wote kule barazani wakasimama.

"Kesho ndoa iko."

"Lakini Bibi, mutungi umevuja!" wifi akalia. "Haujavuja tu, umekwisha!"

"Nimeona. Mutungi umevuja." Akanielekezea tasbihi. "Yeye hajavuja. Leteni fagio."

Hakuna aliyeelewa. Hakuna aliyebisha.

Tukafunga ndoa. Siku chache baadaye Bibi akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Walikuja kuchukua makala," akasema.

"Wakina nani, Bibi?"

"Siku nilipochoma wangu. Kartye yote. Na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema." Akachezesha tasbihi. "Mubwana mmoja alikuja na toroli. Unasikia? Toroli!"

"Kwangu walikuja na koleo."

"Afazali koleo."

Usiku wa kuamkia mtihani wake alitumbukiza kopo la bati la mafuta ndani ya mtungi, na maji yakamwagwa humo mbele ya mashahidi. Kopo lilipoliwa na kutu, akaweka bidoni. Tangu hapo hatulii kila mtu anapofagia karibu na ile kona. Na wale wasichana waliokataliwa?

"Niliogopa," akasema. "Jasho la mitungi yao nikaliita kuvuja. Mutungi mwema ungekaa pembeni ya wangu, watu wangegonga yote mbili."

Tulicheka hadi tukalala sakafuni, kikongwe na mimi.

Kiangazi kilipofika, tuliwaambia watu kwamba mtungi wa Bibi unapelekwa kuoshwa. Shangazi Mama Sifa aliuziba kitako, akauanika, akaupanga katikati ya vyetezo na vyungu vyangu vilivyonusurika, akaweka kuni za kutosha kuchoma ng'ombe. Tukawasha.

Papa Willy akatokea na mbabula.

Safari hii nilikuwa nimeshaolewa, na sharti linamhusu anayeolewa. Nikasimama, nikafungua mdomo wangu niliozaliwa nao, nikamsomea kuanzia chai yake mpaka mluzi wake. Mama Lucie alikuwa ameshafika kona na koleo. Alisikia tu sauti, akageuka, akajifanya anatafuta kuku. Kila walipokuja niliwapokea hivyo, na moto ukanguruma hadi ukamaliza kazi yake wenyewe.

Jioni shangazi akaugonga mtungi wa Bibi.

*Ngoo.*

Bibi alishika mdomo kwa mikono miwili. Umri wote ule, hakuwahi kuisikia sauti ya mtungi wake.

Tukaurudisha kwenye kona, na kitambaa chake, na maji ya kweli ndani ya udongo wa kweli, baridi, matamu. Ijumaa ukoo ukakusanyika. Bibi akachota, akawapa.

Wakanywa. Wakatazamana.

"Bibi," Zahoro akasema kwa huzuni, "maji yameharibika."

"Yameharibika namna gani?"

"Ile ladha ya zamani imeenda."

Wifi mkubwa alikuwa ameanza kulia. Mjomba mmoja akasema ni dalili mbaya, akataka isomwe dua. Wakanywa tena, wakatikisa vichwa, wakasema vitu vya siku hizi havina baraka, hata maji.

Bibi Adija akainuka, akapita karibu yangu taratibu, akainamisha kichwa.

"Yasmine," akaninong'oneza. "Ile bidoni uliitupa wapi?"

Ruhusa ya kuandika haya amenipa yeye mwenyewe, baada ya yule binamu kukubaliwa kurudi kwa msichana wake bila mtungi wowote. "Andika," alisema, "nimechoka kuilinda ile kona. Lakini useme nilikuwa muzuri." Basi nasema: alikuwa mzuri, na bado.

Na wewe uliyenisoma mpaka hapa, kuna siri zinazotaka ufunge mdomo. Zifunge, hata zikikugharimu. Lakini ukiwa na kitu chako motoni, na watu wanakichotea makaa huku wanakusifu kwa ukarimu wako, usikae ukawalilia kwa ishara. Sema. Chombo kikitoka kibichi hawatakuja kukushikia maji, na mtungi haupasuki kwa sababu ya neno. Nimehakikisha mwenyewe, kwa sauti kubwa.

Mimi naishia hapa. Naitwa sebuleni, Bibi anataka nimtilie tone la mafuta kwenye mtungi kabla wageni hawajafika.